Mashine Zilipoganda

Mwalimu alirudi nyumbani saa ambayo hakuna mwalimu anayerudi nyumbani. Jua lilikuwa bado halijafika utosini, mtihani ulikuwa haujafika katikati, na yeye huyo anasukuma mlango wa nyuma kwa kiwiko kama mtu aliyebeba mzigo, ilhali mikono yake ni mitupu. Mama yake, aliyekuwa akichambua mboga kwenye meza ya jikoni, alimtazama mara moja tu akaelewa.

"Umefukuzwa?"

"Bado, mama."

"Bado ni neno baya hilo. Kaa chini."

Hakukaa. Alipita hadi sebuleni, ambako kona moja ilikuwa ndiyo ofisi ya mkewe: meza, kiti kilichofungwa kamba mguuni, na kompyuta iliyozungukwa na vikombe. Kazi ya mkewe ilikuwa kuandika programu, na kwa kuwa majirani wa nyumba za walimu hawakujua mtu wa kazi hiyo aitwe nani, walimwita Fundi. Jina likamkaa, hata mumewe akalichukua.

"Zimeganda," Mwalimu akasema.

"Nini kimeganda?"

"Mashine. Maabara nzima. Mwanafunzi anaandika programu yake, anaiambia kompaila yako itafsiri, mashine inanguruma weee, halafu kimya. Mshale hausogei. Ukizima na kuwasha, ni yaleyale. Mmoja akaanza kulia, wenzake wakamfuata kama msibani. Makamu wa mkuu wa chuo akaja akasimama mlangoni. Mbele ya watoto, Fundi! Akaniuliza, 'Mwalimu, hii ndiyo ile kazi ya mke wako?'"

Fundi aliondoa mikono kwenye kibodi. Kompaila ni mfasiri: mwanafunzi anaandika programu kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, nayo inayageuza kuwa lugha ya mashine. Kompaila zipo nyingi duniani, lakini ya Fundi ilikuwa na tabia yake. Mwanafunzi akikosea jina, haikumkaripia. Ilimwambia kwa lugha yake mwenyewe, "Jina hili silijui. Je, ulikusudia hili?" na kumtajia linalofanana nalo. Mwalimu ndiye aliyeomba iwe na upole huo, maana alikuwa amechoka kuona vijana wakikata tamaa kwa ajili ya herufi moja. Na Mwalimu huyohuyo ndiye aliyesimama mbele ya walimu wenzake akaapa kwamba chuo hakina haja ya kutafuta kompaila kwingine. Alilitia jina lake rehani, kwa furaha, kama waume wanavyofanya wakiwa na wake wanaowaonea fahari.

"Sasa wamesemaje?"

"Mtihani unarudiwa Jumamosi. Zikiganda tena, niandike barua ya kuacha kazi. Nisipoiandika mimi, ataiandika yeye."

Kisu cha jikoni kilinyamaza. "Na nyumba?" mama akauliza kutoka kule.

"Nyumba ni ya chuo, mama. Kazi ikiondoka, nyumba inaifuata."

Fundi alikuwa mwanamke asiyependa kuogopa kabla hajajua anaogopa nini.

"Niletee programu walizoandika leo," akasema. "Zote. Kama zilivyo."

"Nitakuletea," Mwalimu akajibu, huku akitazama pembeni. Fundi aliona macho yale yakikwepa, akadhani ni haya ya asubuhi ile.

*

Programu zilifika jioni ndani ya kiflashi. Fundi alifunga mlango wa sebuleni, yaani aliteremsha pazia, na kuanza.

Wako wanaodhani kwamba kumtafuta mla memori, yaani kinachoijaza mashine mpaka igande, ni kubahatisha: bomoa hapa, kaza pale, omba Mungu. Fundi alikuwa na dini yake katika jambo hili, nayo ilikuwa na amri moja, pima kwanza, kisia baadaye. Memori ya kompyuta ni sawa na meza ya kazi. Ikijaa, hapana pa kuweka hata kijiko, na mpishi anasimama mikono kiunoni. Kwa hiyo alifungua dirisha dogo lenye mstari unaoonyesha memori inavyopanda na kushuka, akaibana mashine yake isitumie zaidi ya ile iliyomo kwenye mashine kongwe za chuo, kisha akaipa kompaila programu ya kwanza.

Mstari ulipanda kidogo, ukashuka. Akaleta ya pili. Ukapanda kidogo, ukashuka. Alizipitisha zote, akarudia, akazibadilisha mpangilio. Mstari ulikuwa mpole kama mgonjwa aliyefika kwa daktari na ghafla haumwi popote.

"Zinapita," akamwambia mumewe.

"Zinapita vipi?"

"Kama maji. Hakuna hata moja inayoganda."

"Basi mashine zetu ni mbovu."

"Mashine zenu ni zilezile za muhula uliopita. Hazikuganda."

"Unataka kusema nimeota? Watoto wamelia, Fundi."

"Sijasema umeota. Nasema kosa hapa haliko."

"Haliko kwa sababu kompaila ni yako na hutaki kulitafuta!"

Fundi aligeuka na kiti chake kibovu, kikapiga kelele kwa niaba yake. "Ikisifiwa, unawaambia watu ni yetu. Leo imekuwa yangu?"

Mwalimu alitoka nje kwenda kuangalia kama bomba limefungwa, nalo lilikuwa limefungwa tangu asubuhi.

*

Siku ya pili yake alikuja jirani, mke wa mwalimu wa hesabu, mwenye miguu myepesi palipo na habari. Alikuja kutoa pole. Aliitoa akiwa amesimama katikati ya jikoni, na wakati anaitoa macho yake yalikuwa yakitembea ukutani.

"Tumesikia, jamani. Poleni sana. Ndiyo dunia."

"Tumeshapoa," akasema mama mkwe.

"Hili dirisha lina upana gani?" jirani akauliza, akalipima kwa shubiri zake bila kuomba ruhusa. "Pazia langu la bluu lingekaa hapa, lingependeza kweli. Nauliza tu lakini."

"Ni kama midomo ya watu wengine, mwanangu," mama mkwe akasema bila kuinua kichwa. "Halifungi vizuri."

Jirani alicheka kicheko kifupi na kuaga. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi, alibaki akilitazama dirisha. Hakuwahi kulipenda. Lilivuja mvua, na mbao zake zilivimba. Lakini kuona mtu analipima akiwa yeye bado yumo ndani kulimchoma kuliko maneno yote ya Makamu. Alikitua kikombe.

"Mama, nakwenda chuoni."

"Mumeo anajua?"

"Atajua nikirudi."

Mama mkwe alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akavuta kiti akakaa. "Badilisha viatu basi. Usiende kugombana na watu umevaa malapa."

*

Makamu alimpokea mlangoni pa maabara akiwa na funguo mkononi. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, na shati lake lilinyooshwa kuliko mambo yote.

"Unaruhusiwa kutazama," akasema. "Lakini wewe ni mgeni hapa, na mgeni hagusi mashine. Asije mtu akasema kesho kwamba umebadilisha kitu. Utasema unachotaka, mtunza maabara atabonyeza."

Mtunza maabara alikuwa mama wa makamo, mkarimu, aliyeandika kwa kidole kimoja na kuitafuta kila herufi kana kwamba imehama tangu jana. Fundi, ambaye vidole vyake vilikwenda kasi kuliko mdomo, alisimama nyuma ya kiti chake mikono imefungwa mgongoni kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Bonyeza hapo, mama. Hapana, juu kidogo. Upande wa kulia."

"Huku?"

"Kulia kwako."

"Aa, kulia kwangu!"

Makamu alikuwa ameketi nyuma yao. Baada ya muda alisogeza kiti mbele na kupunguza sauti. "Sikiliza, dada. Mimi simchukii mumeo. Ni mwalimu mzuri. Ningekuwa wewe, ningemshauri aseme neno moja tu mbele ya kikao cha walimu: programu ya mke wangu ilikuwa mbovu. Basi. Tunaifuta, tunatafuta nyingine, yeye anabaki na kazi yake, nyinyi mnabaki na nyumba. Wewe hulipwi hapa, hutapoteza kitu."

Fundi aliyasikia maneno yale yote, na lililomuuma zaidi ni kwamba hayakuwa ya kijinga. Miaka ya kuamka mapema, ya kuandika na kufuta, ya kuelezea kazi yake kwa watu wanaopiga miayo, mtu anaiita si kitu, kisha anasema hivyo kwa wema.

"Nimekusikia," akasema. "Mama, nifungulie programu ya yule wa dawati la mwisho. Ile ya siku ya mtihani."

Alitarajia kurasa mbili, kama zile alizoletewa nyumbani. Ilifunguka, na mtunza maabara akaanza kuteremka nayo. Aliteremka, akateremka, akapumzisha kidole, akaendelea kuteremka. Jibu la mwanafunzi lilikuwa chini kabisa, mistari michache tu. Juu yake palikuwa na jengo zima la maandishi mengine, na Fundi alipoyasoma majina yaliyokuwamo, alishika mgongo wa kiti.

Kulikuwa na jumla. Kisha jumla2. Kisha jumla_mpya, na jumla_mpya_kabisa, na jumla_sahihi, na jumla_sahihi2, na jumla_hii_ndiyo, na jumla_usifute. Baada ya ukoo wa jumla ukaja ukoo wa wastani, nao vilevile, wastani na wanawe na wajukuu zake. Hakuna mwanafunzi anayeandika usifute kwa uchungu wa namna ile. Fundi alimjua mwandishi kama anavyojua nyayo zake sakafuni.

"Wote wanaanza hivi?" akauliza.

"Wote," akasema mtunza maabara. "Ni faili la Mwalimu. Kaliandaa muhula huu. Aliwaambia wabandike lote juu ya kazi zao, kila wanachohitaji kimo humo."

Kwa hiyo alizisafisha. Kabla ya kumletea mkewe, Mwalimu alikaa mahali akakata faili lake katika kila programu, akaacha majibu ya wanafunzi na vile vipande vichache yaliyovihitaji, safi, yamechanwa nywele. Fundi alipoteza jioni nzima akimpima mtu mzima wa afya huku mgonjwa akiwa amefichwa chumba cha pili. Hasira ilimpanda hadi masikioni.

"Iambie itafsiri," akasema.

Mtunza maabara alibonyeza. Mstari wa memori, uliokuwa umefunguliwa pembeni, ukapanda, ukaendelea kupanda bila kupumua, na mashine ikaganda.

"Umeona?" akasema Makamu.

"Nimeona!" akajibu Fundi kwa furaha isiyolingana kabisa na hali yake, mpaka Makamu akamtazama mara mbili. Lakini mtu aliyewahi kutafuta kitu kisichotaka kuonekana ataielewa furaha ile. Kosa linalotokea mbele ya macho yako si adui tena, limekuwa kazi.

Aliomba wakate nusu ya faili na kujaribu tena. Kukata nusu kwa kidole kimoja si mchezo, lakini ilikatwa. Safari hii mashine haikuganda, na Fundi aliutazama mstari kwa makini. Ukikata nusu ya maneno, ungetegemea memori inayoliwa ipungue nusu. Hii ilishuka hadi chini ya robo. Wakakata nusu ya ile nusu, ikashuka vilevile tena. Hapo ndipo hasira ilipoanza kumtoka, kwa sababu alielewa kwamba kosa la pili ni la kwake.

Alikuwa ameifundisha kompaila upole kwa njia ya kivivu. Kila ilipokutana na jina, ililiandalia mapema orodha ya majina yote yanayofanana nalo, endapo mwanafunzi angekosea. Na kila mabano yalipofunguka katika programu, ilizinakili orodha zote upya. Katika programu za kujaribia, alizoziandika Fundi mwenyewe, majina yalikuwa machache na hayakufanana, kwa hiyo hakuona chochote. Lakini katika faili la Mwalimu kila jina lilikuwa pacha wa jirani yake, na mabano yalikuwa mamia. Kila mmoja alikuwa akiandikiwa ndugu zake wote, kisha wote wanaandikwa tena, na tena, hadi meza ikajaa.

"Naomba kuchukua nakala ya programu hizi," akasema.

"Za nini? Si umeshaona mbovu ni ipi?"

"Nimeona mbovu ni nini. Jumamosi hazitaganda."

Makamu alizungusha funguo kidoleni. Alikuwa mtu wa haki, kwa kiasi chake. "Mpe nakala," akamwambia mtunza maabara.

*

Mwalimu alimkuta mkewe amekaa mezani pa jikoni, hajawasha kompyuta. Mama alikuwapo, na ilionekana wazi kwamba hana nia ya kuondoka.

"Nimetoka maabara," Fundi akasema. "Nimekutana na jumla_usifute."

Mwalimu alivuta kiti polepole. Alipokaa alionekana mfupi.

"Kwa nini ulizisafisha?"

"Nilidhani haihusiani. Ni faili la msaada tu, lile. Nikasema ya nini kukuchosha..."

"Mwalimu."

Mumewe akasema kwa sauti ya chini, "Ulinicheka."

"Lini?"

"Wakati ule. Nilikuonyesha programu yangu ya matokeo ya wanafunzi. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema inafanana na kabati la mtu anayehama. Mimi ni mwalimu wa somo hili, Fundi. Nafundisha watu hii kazi. Halafu nalala nyumba moja na mtu anayeijua kuliko mimi mara kumi, na anacheka."

"Nilicheka mara moja."

"Mara moja ilinitosha."

Fundi alitaka kujibu kwa ukali, na maneno alikuwa nayo tayari. Lakini alikumbuka kicheko kile, na alikumbuka kwamba alipokuwa akicheka mumewe naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo. Aliona aibu. Haikuondoa hasira, ila zilikaa pamoja.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema mama, kwa mwanawe. Kisha akamgeukia mkwewe. "Na daktari anayecheka vidonda vya watu atabaki na kliniki tupu. Haya. Nani anakufa na nani anatibu? Jumamosi iko hapo mlangoni."

"Kosa moja ni langu," Fundi akasema. "Faili lako peke yake lisingeua mashine. Kompaila yangu nayo peke yake isingeua. Vilipokutana ndipo balaa."

Mwalimu alichangamka ghafla. "Basi rahisi! Nitawaambia wasilibandike. Jumamosi waandike bila faili."

"Wamesoma nalo muhula mzima. Utawanyang'anya fimbo siku ya kupanda mlima?"

"Sasa?"

"Sasa kompaila ijifunze kula faili lako. Baya kama lilivyo. Lakini kabla sijaanza, kuna jambo. Makamu ametoa njia. Useme mbele ya kikao kwamba programu ya mkeo ilikuwa mbovu. Wanaifuta, unabaki na kazi, tunabaki hapa. Sikufichi kitu, si kama wengine. Kama utaichukua njia hiyo, ichukue leo, nisije nikaumiza macho yangu bure."

Mwalimu alikitazama kidole chake akikwaruza meza. Nje, watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira ukutani, na kila ulipogonga, sufuria zilitikisika kidogo kwenye rafu.

"Washa kompyuta," akasema.

*

Walifanya kazi pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Fundi aliandika, Mwalimu alikaa pembeni akipitisha programu za wanafunzi moja baada ya nyingine na kusoma kipimo kwa sauti. Mama alileta chai na kuondoa vikombe, akilalamika kwamba nyumba nzima sasa inaongea lugha ya mstari.

Dawa ilikuwa nyepesi kuisema: orodha zisiandaliwe mapema. Kompaila isubiri mwanafunzi akosee kweli, ndipo imtafutie jina linalofanana, imwambie, kisha isahau. Kuitenda ilikuwa kung'oa mawe ya msingi nyumba ikiwa na watu ndani. Kila alipotoa orodha moja, mahali pengine palilia kwamba panaitegemea. Fundi alijikaza kisabuni. Alirekebisha, akapima. Akavunja alichorekebisha, akapima tena.

Ijumaa mchana Mwalimu aliruka kitini. "Imepita! Ya dawati la mwisho imepita! Mstari uko chini!"

Mama alipiga kigelegele jikoni, cha haraka, mkono mmoja ukiwa na mwiko. Fundi hakuinuka.

"Pitisha ya pili bila kuzima kompaila. Halafu ya tatu."

Mwalimu alipitisha. Mstari ulipanda, ukashuka, lakini haukurudi sakafuni. Safari iliyofuata ulishuka hadi juu kidogo ya pale. Ulikuwa ukipanda ngazi.

"Ni kidogo sana," Mwalimu akasema. "Inatosha, Fundi. Hebu pumzika."

"Mwanafunzi anajaribu mara ngapi kabla hajapata jibu?"

"Mara nyingi tu. Wengine hata..." Akazitazama ngazi zile.

"Saa ya kwanza zitacheka na wewe. Saa ya pili zitaganda."

Alirudi kwenye maandishi yake. Aligawa kompaila vipande, akazima kimoja kimoja, akapima kila mara, bila kuruka hata pale alipokuwa na uhakika. Jua lilipoanza kulegea alikipata: sehemu inayoandika ujumbe wa makosa ilikuwa ikishikilia mstari mmoja tu wa maandishi ya programu iliyopita, na mstari ule wa maandishi ulikuwa umeshikana na programu nzima, kwa hiyo hakuna kilichotupwa. Alikata kiungo kile kwa kufuta neno moja.

Mwalimu alipitisha programu zote, akazirudia, akazirudia tena. Mstari ulipanda ukashuka hadi sakafuni kila mara. Hakuruka safari hii. Aliuweka mkono wake begani kwa mkewe na kuuacha hapo.

"Sasa nicheke?" Fundi akauliza.

"Subiri kesho."

*

Jumamosi asubuhi Makamu aliwakusanya walimu wa idara ndani ya maabara kabla wanafunzi hawajaingia. Fundi aliruhusiwa kuweka kompaila mpya, safari hii kwa mikono yake, kisha akaambiwa asimame karibu na mlango. Mwalimu wa hesabu alikuwapo, na bila shaka mkewe angezipata habari kabla ya chai.

"Mwalimu," Makamu akasema, "kikao kinataka maelezo mafupi. Kilichoharibika juzi ni nini?"

Ilikuwa njia ileile, imefunguliwa, imefagiliwa. Neno moja tu lilitakiwa. Fundi aliitazama sakafu, maana hakutaka uso wake umshawishi mumewe upande wowote.

"Vilikuwa vitu viwili," Mwalimu akasema. "Cha kwanza, kompaila ilikuwa inapoteza memori kwa namna ambayo mke wangu ameshaieleza na kuirekebisha. Cha pili ni mimi. Nimewapa wanafunzi faili kubwa, chafu, lenye vitu nilivyopaswa kuvifuta zamani. Na alipoomba kuona kazi zao, nililitoa hilo faili kwanza ili asilione. Alipoteza jioni nzima kwa sababu ya aibu yangu. Asingekwenda mwenyewe kutazama, tungekuja leo kuganda tena."

Mtu alikohoa.

"Unajua maana ya unachosema?" Makamu akauliza. "Uliharibu ushahidi."

"Najua."

"Hata zikifanya kazi leo, mitihani haitakuwa tena chini yako."

"Sawa."

"Na zikiganda?"

"Zikiganda tutafungasha," Mwalimu akasema. "Wote watatu. Lakini sitasema kwamba kazi ya mke wangu ni mbovu, kwa sababu si mbovu."

Fundi aliinua macho. Alitaka kusema kitu, lakini Makamu alikuwa ameshafungua mlango kuwaita wanafunzi.

*

Wageni hawakai kwenye chumba cha mtihani. Fundi alikaa kwenye benchi la korido, na baada ya muda mama mkwe naye akafika, amevaa viatu vyake vya kwenda mahali, akakaa kando yake bila salamu ndefu.

"Zinasemaje?"

"Sijui, mama. Mlango umefungwa."

Walisikiliza. Kulikuwa na sauti ya kibodi nyingi, kama mvua ya rasharasha. Kila ilipopungua Fundi aliacha kupumua, na kila iliporudi alipumua. Saa ya kwanza ilipita. Ya pili ndiyo aliyoiogopa, nayo ilikwenda polepole kwa makusudi. Mara kiti kikaburutwa kwa nguvu ndani, sauti ya mtu ikapanda, na mama mkwe akamshika mkono akaubana. Kisha kibodi zikaendelea.

Hatimaye mlango ulifunguka. Wanafunzi walitoka kwa makundi, wakijinyoosha shingo, wakisukumana, wakibishana.

"Swali la tatu lile, jamani, lile si la kibinadamu."

"Wewe uliweka nini? Mimi niliweka wastani kwanza."

"Wastani? Umeumia!"

Binti mmoja alipita akiwa amekunja uso, anahesabu kitu kwa vidole. Mwingine aliuliza choo kiko wazi au kimefungwa. Fundi aliwasikiliza wote, mmoja mmoja, akisubiri neno mashine, au neno memori, au neno kuganda. Hakuna aliyelitaja. Walikuwa wamekaa na kazi yake asubuhi nzima, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ipo.

Makamu alitoka, akampa Fundi ishara ya kichwa, ndogo lakini kamili, akaondoka na funguo zake. Mwalimu alikuwa wa mwisho. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

"Je?" mama yake akamuuliza.

"Wengi watafeli," Mwalimu akasema, na tabasamu likamjaa uso mzima, hata akashindwa kulizuia. "Swali la tatu limewamaliza. Lakini watafeli wenyewe, mama. Wenyewe kabisa."

Fundi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, pale kwenye benchi, machozi yakimtoka, na Mwalimu akakaa kando yake akacheka naye, safari hii bila kuchelewa.